Mama Mita na volti tano zilizopotea

Saa tatu asubuhi. Mama Mita amejikunja chini ya dashibodi ya lori lenye umri wa miaka hamsini. Vinavyoonekana ni viatu vyake tu.

"Washa, baba!"

Mwenye lori, dereva mstaafu, anazungusha ufunguo. Injini inanguruma. Anauachia, inazima.

"Umeona vituko vyake? Na dada yangu anashuka kwenye basi saa sita," analalamika mzee. "Yeye ndiye aliyenifundisha udereva kwa lori hili hili. Nimemwahidi nitampokea nalo."

Balaa lilianza wiki tatu zilizopita, alipoondoa mfumo wa zamani wa kuwasha injini na kufunga wa kielektroniki. Tangu hapo mafundi wawili wameshabadilisha koili, kifaa kinachokuza umeme wa cheche za injini, mara tatu.

Mama Mita, 44, ana miaka kumi na tisa kwenye umeme wa magari. Miwili ya kwanza alipewa kazi ya kufuta vyuma tu. "Waliniambia umeme si wa wanawake. Nikanunua mita ya kupimia umeme."

Leo mita inasema hivi: kwenye betri volti 12.6, kwenye koili 7.6.

"Tano nzima! Hazikwenda kunywa chai," anacheka.

Anafungua fungu la nyaya, anavuta mmoja uliofifia rangi. Huo uliwekwa kiwandani makusudi upunguze umeme, mfumo wa zamani usiungue. Ufunguo ukishikiliwa, koili hupata umeme kwa njia nyingine. Ukiachiwa, umeme unarudi kupita hapa.

"Mfumo mpya unataka volti zote. Mgeni mnampa nusu sahani, halafu mnashangaa hana nguvu!"

Anahakikisha koili inahimili umeme kamili, anavuta waya mpya wenye fyuzi, anapima: 12.3.

Mzee anawasha. Anaachia ufunguo taratibu, kama anayemlaza mtoto mchanga. Injini inaendelea. Anapiga honi mpaka majirani wanachungulia.

Saa sita na robo lori linarudi karakana. Kwenye usukani yuko bibi wa miaka sabini na tisa; mdogo wake amehamishiwa kiti cha abiria.

"Nimekuja kumwona huyo fundi," anasema bibi, akimkumbatia Mama Mita na grisi yake yote.

Mama Mita anapanga kufungua darasa la jioni hapo karakana mwakani. Wanawake sita wameshajiandikisha.

"Somo la kwanza ni kupima," anasema. "Spana nitazifungia kabatini mwezi mzima."