Sahani ya Kando ya Mlango

Juma lililopita nilirudi mtaa wa Kamalondo kusalimia ndugu za baba. Tantine, dada ya marehemu baba, akatuwekea mimi na binti yangu sahani kando ya mlango. Wenyewe wakazunguka beseni moja la bukari, ugali wa kwetu.

Sahani ileile ya maua mekundu! Hata hiyo hakuibadilisha.

Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja baada ya matanga ya baba, mama na mimi tulikalishwa palepale. Moshi wa makaa ulinichoma macho, lakini makayabo, samaki wa chumvi, ilinukia mpaka nikasahau kulia. Binamu zangu waligombania mchuzi kwenye beseni. Nikajivuna.

"Siye tuko bageni bakubwa!" niliwaambia.

Hakuna aliyecheka. Mama hakugusa chakula. Nikala na fungu lake, kisha nikamshukuru Tantine kwa sauti.

Leo najua. Walisema mama ndiye aliyemuua baba kwa uchawi, na mkono wa mchawi, wala wa uzao wake, hauingii kwenye beseni la watu.

Juma lile lililopita, binti yangu aliitazama sahani yetu, akatabasamu. "Papa, siye tuko bageni bakubwa?"

"Hapana."

Nikamnawisha, nikanawa, nikautia mkono wake katika beseni lao, na wangu. Mikono yao yote ikatoka.

Tukaendelea kula.