Paka Chini ya Tenga

Mwaka 1974 serikali ilituhamisha kwenye mashamba yetu ikatuleta katika kijiji kipya, karibu na barabara ya Laela. Nyumba yangu iliezuliwa nikitazama. Watu tulipakiwa kwenye lori. Paka walikimbilia vichakani, na dereva hakusubiri.

Miezi minne baadaye, vifaranga vya banda la kijiji vikaanza kupotea. Ignasi, mwenyekiti wetu, aliyeamuru nyumba yangu iezuliwe, akatangaza kila paka mwitu auawe. Asubuhi moja wakamnasa mmoja kwa tenga la kuku. Nilipofika, Ignasi alikuwa ameshika mchi.

Paka alikuwa wa rangi ya majivu. Hakuwa wangu, wangu alikuwa mweusi. Alikuwa amekonda, manyoya yameganda matope, anafoka.

"Mwitu huyu," Ignasi akasema. "Tazameni uchafu wake."

"Huo uchafu ndio unaonyesha ni wa nyumbani," nikasema. "Wa mwitu anajua kujitunza, manyoya yake safi. Huyu alizoea kulishwa, porini kumemshinda."

"Mbona mkali?"

"Nawe tukufunike tenga, tukushikie mchi, utacheka?"

Watu wakaangua kicheko. Jirani yangu Dominika akadakia, "Mwulizeni kadi ya TANU!"

Ignasi hakucheka. "Haya, Mama Silvana. Tuonyeshe ni wa nyumbani. Jua likifika utosini bado mkali, nampiga. Usinililie."

Nikalifunika tenga kwa kanga, maana giza humtuliza paka. Nikakaa chini na kumpa mgongo. Ukimkodolea macho anaona unamwinda. Nikawa namsemesha Kifipa, maneno ya jikoni tu. Nikapenyeza kichwa cha dagaa. Hakukigusa. Nyuma yangu Ignasi alikuwa akigonga mchi chini, taratibu, kama anayetwanga. Kivuli cha ghala kilizidi kufupika. Jasho lilinitoka, na baridi yote ile ya Ufipa.

"Muda umekwisha," Ignasi akasema, akasogea.

Hapo paka akalia, sauti nyembamba ya kuomba. Paka mwitu hamwombi mtu. Nikafunua kanga. Akanitazama machoni, mkia ukasimama wima. Nikapitisha vidole kwenye tenga. Akavisugulia shavu mbele ya watu wote.

"Mwenyekiti," Dominika akasema, "mpige basi."

Ignasi akatupa mchi. Hakuniambia samahani, wala sikuingoja kwake. Nikamfunga paka ndani ya kanga, nikampitisha makusudi mbele ya pua ya Ignasi.