Nguo za Mwanangu Nilizipanga Kama Mtu Anayeaga

Ndugu wasomaji, na wewe msimamizi wa ukurasa huu uliyekubali kulificha jina langu, nawasalimu kwa heshima. Nina miaka thelathini na mmoja, ni mwalimu wa sekondari hapa Gisenyi, na ni mama wa binti mwenye wiki kumi na moja. Nililelewa Karagwe, Tanzania, katika familia iliyorejea Rwanda nikiwa msichana. Mume wangu ni askari polisi. Kituo chake kiko mbali, naye huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Ninaishi na mama yake. Sipigwi, silali njaa, wala sijatelekezwa. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yangu ya kunyamaza.

Siku ya nane, tulipompa mtoto jina, nyumba ilijaa. Kwa desturi yetu kila mgeni, hata mtoto mdogo, hupendekeza jina, na wazazi hutaja lao mwishoni. Watu walitoka Nyakiriba na Kanzenze wakiwa na maziwa na uji wa mtama wa kumpongeza mzazi. Mimi ndiye ninayeombwa kusema katika hafla za ukoo, basi nikasimama nikashukuru. Nilisema vizuri. Mzee mmoja alitania kwamba mtoto huyu hatalia, atahutubia. Watu wakacheka, nami nikacheka, huku nikimtazama binti yangu mapajani mwa bibi yake bila kuhisi chochote, kama mtoto wa abiria niliyekaa naye kiti kimoja.

Niliamini ni uchovu. Usingizi ulikatika hata mtoto alipolala. Kisha nikaanza kuamini kwamba ninamdhuru kwa kuwapo kwangu, na baada ya wiki kadhaa likaja wazo la kufa. Halikuja kwa kishindo. Lilizungumza kwa busara, kama mtu anayenitakia mema, na hilo ndilo linalonitisha hadi sasa. Siku ya chanjo, muuguzi aliniuliza kama ninalala na kama nina furaha. Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni yangu. Nikajibu kwa ufasaha uleule wa siku ya nane. Tulipotoka, alinisifu kwa kutoanika mambo ya nyumbani mbele za watu.

Wiki hiyohiyo nilizifua nguo zote ambazo wageni walimletea mtoto, nikazipiga pasi, nikazipanga katika mifuko, na kila mfuko nikaubandika karatasi: miezi mitatu, miezi sita, mwaka mmoja, miaka miwili. Kila aliyeingia alisifu utaratibu wangu. Mama mkwe aliwaita majirani waje wajifunze.

Aliyeelewa ni wifi yangu, dada wa mume wangu aliyeolewa Goma, upande wa Kongo, kwa Waislamu, mwanamke ambaye hakumaliza shule ya msingi na ambaye huvuka mpaka kila asubuhi kununua karoti huku na kuziuza kule. Alipita kunisalimu, akasimama mbele ya mifuko ile, akasoma karatasi moja baada ya nyingine, polepole.

“Wifi,” akasema, “hii ya myaka mbili, nani atamuvalisha?”

Nikamjibu kwamba atamvalisha yeyote atakayekuwapo.

Akaketi. “Bon. Basi mi sitoke hapa leo. Karoti zioze.” Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna mwingine aliyeniuliza: “Unawaza kufa?”

Niliinamisha kichwa tu, naye akaelewa. Hakulia wala hakunihubiria.

“We uko mugonjwa, wifi. Haiko zambi. Vaa viatu.”

Alinipeleka siku hiyohiyo kwa muuguzi wa afya ya akili. Huyu alinisikiliza mimi peke yangu. Alisema huu ni ugonjwa, unawapata wanawake wengi baada ya kujifungua, na unatibika. Akanianzishia matibabu, akaagiza nisiachwe peke yangu, na akaomba nirudi Jumatatu pamoja na mume wangu. Tangu hapo wifi analala kwangu. Mama mkwe anaamini amekuja kunisaidia kufua.

Mume wangu anafika Jumamosi, na hajui lolote. Mwaka jana, kule Busasamana, mke wa binamu yake alikiri mawazo kama haya yangu. Ukoo ulikutana, ukaamua kwamba ana wazimu. Mtoto akachukuliwa, yeye akarudishwa kwao. Mama mkwe aliketi katika kikao kile, na bado husema waliamua vyema. Mume wangu ni mtu mwema, lakini sijawahi kumwona akimpinga mama yake.

Nikisema, huenda nikampoteza binti yangu, na ni juzi tu nimeanza kutamani kumpakata. Nikinyamaza, wazo lile halijaondoka. Limesogea kando tu. Wifi ameniambia kwamba Jumamosi jioni, nisiposema mimi, atasema yeye.

Kina mama mliopita hapa, nawauliza: mlimwambia nani kwanza, na mlisemaje? Kina baba, nanyi nisaidieni. Mkeo angekuambiaje kwamba ametaka kufa, ili umshike mkono kabla hujamwita mama yako? Nishaurini, tafadhali, na msikawie. Leo ni Alhamisi.