Joto Chini ya Blanketi

Juzi sokoni Masii niliona mama mmoja akiuza vikapu vilivyojazwa sponji, vya kuivishia chakula bila moto. Nikacheka peke yangu, halafu nikakumbuka siku moja ya utotoni.

Tuliishi Mlolongo. Mama alifanya kazi kiwandani, na hakuwa mtu wa kulala mchana. Siku hiyo nilitoka shule nikakuta blanketi limevimba kitandani mwake, kama mtu aliyejikunja.

"Mama?"

Nikaita tena. Nje malori yalinguruma, na chumba kilinukia kitunguu. Nikagusa blanketi, nikasikia joto. Nikajua ni homa, tena ile mbaya ambayo mtu haamki.

Nilikimbia kwa jirani yetu, Mama Mutua, nikilia. Alikuja miguu mitupu, akavuta blanketi. Ndani palikuwa na sufuria ya ndengu.

"Ngai! Kumbe mama yako alizichemsha asubuhi akazifunika ziive zenyewe," alisema. Lakini naye ilimbidi aketi kitandani kwanza.

Nilizila na avokado, nikiwa bado na kwikwi.

Siku hizi watoto wangu pia wakitoka shule hukuta ndengu zimeiva. Sufuria naifunga kwa blanketi na kuiacha jikoni, sakafuni. Kitandani siwezi.