Bahari Haikuja Kijiko kwa Kijiko

Simu inalia Fidencia Colohua akiwa ndani ya bwawa, maji yamemfika kiunoni. Imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuning'inizwa shingoni, na anaibonyeza kwa kidole kilichojaa tope huku mkono mwingine ukishikilia kimia.

Anayepiga ni bwana mmoja wa Duluth, kule juu kwenye baridi. Samaki wake wamepanda juu ya maji ndani ya tangi, midomo wazi, wanahema. Anataka kujua wana ugonjwa gani na atawapa dawa gani.

Fidencia hagusi habari za dawa. Anamuuliza tangi aliliosha lini, na majani yaliyomo ndani yana rangi gani. Kisha bwana anakiri kwamba alisafiri, na majani, kusema kweli, yameoza.

"Basi hao hawaumwi, baba, wanakosa hewa," anamwambia. "Toa uozo wote. Halafu chota maji kwa kikombe uyamwage humohumo, kutoka juu, yapige kelele. Usiache mpaka mkono uume."

Anakata simu, anacheka peke yake, anaendelea kuvuta kimia.

Hapa ni Ruskin, Florida, kwenye shamba la samaki wa mapambo lenye mabwawa zaidi ya mia, yamechimbwa kwa safu kama matuta ya viazi. Wale samaki wa rangi unaowatazama kwenye kioo kwa daktari wa meno, ukisubiri kung'olewa jino, huenda walizaliwa kwenye tope kama hili. Mimi nimekaa mji huu miaka mingi, nikiyapita mabwawa haya kila siku bila hata kugeuza shingo. Ningejua!

Namba ya shamba imeandikwa kwenye kila boksi linalotoka, na wateja huipiga. Mwenye shamba, Lyle Brannen, anachukia simu kuliko anavyochukia baridi. Ndiyo maana zamani sana alimkabidhi Fidencia, mwanamke aliyetoka Veracruz akijua Kiingereza cha salamu tu. Kiingereza alichonacho leo amekiokota kwenye maswali ya watu.

Na maswali ni yaleyale. Samaki analala? Anajua kimbunga kinakuja? Jani gani halifi hata mtu akilisahau? Wapo wanaopiga simu wakitetemeka, samaki wao ametoa watoto hai badala ya mayai, wanadhani matumbo yamemtoka. Kuuliza si ujinga, na Fidencia hamcheki mtu kabla hajakata simu.

Swali moja limempitia mara nyingi kuliko yote: samaki wa maji baridi anaweza kuishi kwenye maji ya chumvi? Jibu lake halibadiliki. Wengi hufa. Samaki aina ya moli anaweza, ila umzoeshe, chumvi uiweke kijiko kwa kijiko, siku nyingi.

Moli ndio samaki wake mwenyewe. Kwao Veracruz wamejaa kwenye mitaro, wa kijivu, watoto huwashika kwa kopo. Alipofika Ruskin akawakuta kwenye mitaro ya huku pia, walewale, akasimama barabarani akalia. Wa kwake si wa kijivu. Amewachagua kizazi baada ya kizazi hadi wakawa weusi tii, pezi la mgongo limesimama kama tanga, na ukingoni lina mstari wa rangi ya chungwa. Hakuna mwingine mwenye mbegu hiyo.

Na mbegu hapa ndiyo kila kitu. Shamba lina desturi yake, iliyoanzishwa na babu wa Brannen: mfanyakazi wa siku nyingi hupewa bwawa moja, na anachozalisha humo ni mali yake. Bwawa ni lake maadamu mbegu yake ingali hai ndani. Ikifa yote, hata kwa bahati mbaya, bwawa linakwenda kwa anayefuata kwenye foleni, na yeye anarudi nyuma kabisa.

Anayemfuata Fidencia ni Nabor Tepole. Mtu wa maneno huyo, we acha tu. Kila asubuhi akipita kwenye bwawa la Fidencia huchungulia na kuuliza, "Daktari, wagonjwa wako wameamkaje? Hakuna aliyefariki?" Naye Fidencia humjibu kwamba atakufa Nabor kwanza. Watu hucheka, lakini kila mtu anajua kwamba Nabor ana watoto wanne na analitaka bwawa lile kwa moyo wake wote.

Septemba iliyopita kimbunga kikaja. Shamba zima lilikesha likipunguza maji ya mabwawa ili mvua ipate pa kukaa. Fidencia alirundika majani ya majini kwenye lake, mafungu kwa mafungu, akayakandamiza kwa wavu na mawe ili samaki wapate pa kujificha. Kisha askari wakapita na vipaza sauti, akawachukua wanawe wakaenda kulala kwenye shule juu ya kilima.

Walikuwa wameihesabia mvua. Bahari hawakuihesabia. Upepo uliisukuma ghuba ikapanda, ikavuka barabara kuu, ikaingia shambani ikiwa nzito na ya kahawia, ikayameza mabwawa yote yakawa maji mamoja. Nabor, aliyebaki juu ya paa la chumba cha kufungashia samaki, anasema kulipopambazuka aliona mikizi wakiruka mahali palipokuwa na njia ya trekta.

Jamani, hebu litafakari hilo. Mkizi, samaki wa bahari, anarukaruka juu ya njia ya trekta! Wahenga walisema hasira za mkizi furaha ya mvuvi, lakini asubuhi ile hakuna aliyekuwa na furaha. Maji yalipoanza kushuka, samaki wa shamba walikuwa wametanda juu kwa maelfu, wa bluu, wa dhahabu, wa mistari, wote wamekufa kwa chumvi.

Kule shuleni Fidencia aliambiwa kwamba bahari imeingia. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Nilijiona mwongo," anasema. "Miaka yote nawaambia watu kijiko kwa kijiko. Sikuwahi kujua ukimmwagia bahari yote kwa mara moja itakuwaje. Na bahari haikuja kijiko kwa kijiko."

Alibaki na tumaini moja. Jike la moli likishapandwa huhifadhi mbegu ya dume tumboni miezi mingi, huzaa na kuzaa tena bila kumwona dume mwingine. Akibaki jike mmoja, mmoja tu, ukoo unarudi. Mungu si Athumani, alijiambia.

Lakini barabara ilikuwa imefungwa. Na jua, kama kawaida yake baada ya kimbunga, lilitoka kali utafikiri halina habari.

Alifika shambani siku ya tatu kwa miguu, viatu mkononi. Harufu ilimpokea kabla ya geti. Kwa mbali akaona mtu amesimama katikati ya bwawa lake, uchi hadi kiunoni, ana ndoo. Anachota maji, anayainua juu ya kichwa, anayamwaga palepale alipoyachota. Anachota tena. Fidencia alidhani kimbunga kimemharibu mtu akili.

Alikuwa Nabor. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa jua na mabega yakitetemeka. Ukingoni kulikuwa na rundo la majani meusi yanayonuka. Yote aliyoyarundika Fidencia yalikuwa yameuawa na chumvi, yakaoza, yakala hewa ya bwawa zima. Pampu hazikuwa na umeme.

Na miguuni pa Nabor, juu ya maji yale machafu, palikuwa na midomo midogo myeusi, labda thelathini, ikifunguka na kufungika.

Fidencia alipotaka kusema kitu, Nabor alimkatiza.

"Usiniulize chochote. Tafuta ndoo, chota."

Walichota hadi jua likazama, na kesho yake wakachota tena, mpaka Brannen alipofika na jenereta.

Mimi nilipoelezwa haya nilikaa chini kwenye ukingo wa bwawa. Samaki mwenye urefu wa kidole, aliyezaliwa kwenye maji ya mvua, amemwagiwa bahari kichwani usiku mmoja, akaizoea palepale bila kufundishwa na mtu. Subhanallah. Kilichokaribia kumuua ni majani aliyowekewa kwa mapenzi.

Lakini si hilo peke yake lililoninyima usingizi. Kufa kufaana, ndivyo tunavyosema, na Nabor hakuhitaji kumdhuru mtu. Alihitaji kukaa tu. Angekaa kivulini nusu siku, bwawa lingekuwa lake, na hakuna binadamu ambaye angemlaumu.

Nilimuuliza Nabor kwa nini aliwaokoa, nikamuuliza tena, kwa sababu mara ya kwanza alinijibu kwa mzaha, eti alikuwa anaoga. Mara ya pili aliangalia pembeni.

"Niliinua lile rundo nikitaka kuhakikisha wamekufa. Nasema kweli, nilitaka wawe wamekufa," alisema. "Nikawakuta wananitazama. Bahari nzima imeshindwa kuwaua, kaka. Sasa mimi ni nani niwamalize kwa kukaa kimya?"

Fidencia alikuwa karibu, anasikia. Aliinama tu akaendelea kung'oa magugu.

Leo bwawa limejaa tena weusi wenye mstari wa chungwa. Kwenye ukingo kumeota mikoko mitatu ambayo hakuna aliyeipanda. Mbegu zake zilielea na bahari, zikasimama kwenye tope, zikashika. Ukiwauliza wafanyakazi jani gani halifi, siku hizi wanakuonyesha ile.

Desturi ya shamba nayo haikubaki ilivyokuwa. Mwezi uliopita, siku ya mishahara, wote wakiwa wamekusanyika, Fidencia alimwambia Brannen kwamba anapanga kurudi Veracruz akamtunze mama yake, na bwawa lake halitasubiri foleni wala msiba. Siku akiondoka ni la Nabor, maji na samaki wake, wakiwa hai.

"Sitaki mtu akae hapa akisubiri samaki wangu wafe ndipo naye apate," ananieleza. "Awapate wazima, na awapende wazima."

Brannen aliitikia kwa kichwa. Wengine walipiga makofi. Nabor alikuwa nyuma kabisa, kofia ameishusha usoni, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kama analia au la. Kisha akapaza sauti.

"Sawa, Daktari. Lakini hujatuambia, unaondoka lini?"