Mnyama wa Debe Aliyeitikia Jina la Mama Mkwe

Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalizane. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani wa jirani, na ushahidi ninao: unatembea kwa miguu miwili na unaniita mama.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu. Tulikaa kwenye kambi ya shamba la majani chai, upande huu wa Kericho, na mume wangu alikuwa akifanya usafi nyumbani kwa meneja. Meneja yule, Mzungu mpole, alifuga mnyama ndani ya sanduku la kioo lililojaa maji. Alimwita akisoloti, mnyama wa majini wa kutoka ng'ambo. Alipohamishwa alimwacha. Meneja mpya akaja na mke na paka, na siku ya tatu paka akamvua yule mnyama akamtafuna mkono wa mbele. Memsahibu akasema kitupwe. Mume wangu, ambaye hawezi kuona hata kifaranga kikiteseka, akamtia kwenye debe, akafunika gunia, akamleta kwangu.

Nilipiga kelele. Wewe usingepiga? Mwili mweupe kama uji, mrefu kama kiganja, miguu, mkia wa samaki, na shingoni matawi mekundu yanayotikisika, matatu kila upande. Macho hayana kope, hayafumbi kamwe. Okoth mpishi, jirani yetu aliyezaliwa kule ziwani, alichungulia akacheka. "Hii ni kamongo imeota miguu," alisema, akimaanisha yule samaki wa kwao wa matopeni. "Kula ama tupa."

Hatukumla wala kumtupa. Mume wangu aliyakumbuka mengi aliyoonyeshwa na meneja yule wa kwanza. Maji yawe ya chemchemi, ya baridi. Nyungunyungu wakatwe vipande, na mtu akitikise kipande kwa vidole mbele ya mdomo, maana mnyama huyu haoni vizuri. Na ati habadiliki hata akikua: huzeeka na kufa akiwa na umbo lake la utotoni. Hata mkono uliotafunwa ungeota tena. Nikamwambia aache uongo. Wiki chache baadaye ukaanza kuota, na vidole vinne vidogo juu yake, niamini.

Tulibishana kama ni dume au jike. Meneja alisema dume huvimba nyuma ya miguu ya nyuma, pale mkia unapoanzia, na jike hupanuka tumbo. Tulimwangalia kwa juu, tukamwangalia kwa ubavu, hatukuona uvimbe. "Ni jike," mume wangu akakata shauri.

Sasa sikiliza kosa langu. Kwetu sisi Wakipsigis mtoto akizaliwa, kina mama humtajia majina ya wazee waliokufa, moja baada ya jingine. Akipiga chafya, basi yule aliyetajwa ndiye aliyerudi. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, na mama mkwe wangu Tapkigen, kabla ya kufa, alikuwa ameweka mkono juu ya goti langu akaniambia, "Nitapitia kwako." Nilimpenda mama yule. Nililijua jina linalomngoja mtoto wangu.

Lakini alasiri moja ya mvua ya mawe, tukiwa tumejifungia ndani pamoja na debe na mnyama amegoma kula, mzaha ukanishika. "Na huyu bibi naye apewe jina," nilisema. Mume wangu akaniambia niache. Sikuacha. Nilitaja nyanya za mume wangu, mmoja, wawili, watatu, huku nikitikisa kipande cha nyungunyungu. Kisha nikasema, "Tapkigen."

Mnyama akapanda juu ya maji, akafungua mdomo, akapiga chafya. Chafya ya mtoto mchanga kabisa. Kisha akanyakua chakula vidoleni mwangu. Tangu siku hiyo hakukubali kulishwa na mtu mwingine.

Mtoto wangu alizaliwa, msichana. Shangazi wa mume wangu akaja kumtajia majina. Alianza na Tapkigen, kimya. Akataja wote, akarudia, akamsogezea ugoro puani. Kimya. Siku ya pili mtoto akakataa ziwa. Siku ya tatu alikuwa hana hata nguvu ya kulia, na shangazi akaniuliza, "Hili jina, kuna mtu amelitumia?" Nilijifanya namfunika mtoto. Mpaka leo naona aibu kwamba sikumjibu.

Alasiri hiyo ukungu ulishuka mpaka nikawa sioni michai iliyo hatua kumi kutoka mlangoni. Nilimwacha mtoto kwa shangazi, nikatoka na nyungunyungu wangu kwenda uani, tulikokuwa tumelihamishia debe mtoto alipozaliwa. Mnyama hakuwamo. Maji matupu. Nikasikia kitu kikidondosha matone nyuma yangu.

Alikuwa mwanamke mzee, amechuchumaa, amelowa chapachapa. Ndewe zake ndefu za masikio nilizijua, ya kushoto imechanika. Alikuwa mama mkwe wangu. Lakini mkono mmoja aliukunja kifuani, nao ulikuwa na vidole vinne, vidogo, vipya. Na macho hayakupepesa.

"Uliniita nikaja," alisema. "Nikae wapi sasa? Nina njaa."

Ningekimbilia wapi, na mtoto wangu anakufa ndani? Nilinyoosha mkono nikatikisa kipande cha nyungunyungu mbele ya mdomo wake. Akakinyakua. Nikasema, nikilia, "Ingia ndani, mama. Mtoto anakungoja."

Mtoto akapiga chafya ndani ya nyumba. Hakuna aliyekuwa akitaja jina. Shangazi akapiga vigelegele, na mimi nilipomgeukia tena yule mzee, uani palikuwa na tope tu.

Mume wangu aliporudi kazini alimkuta mnyama ndani ya debe, anaelea tumbo juu, amekufa. Alimtoa, akamgeuza kiganjani, kisha akaniita. Nyuma ya miguu ya nyuma palikuwa pamevimba, wazi kabisa. Dume. Meneja alikuwa ameonya kwamba akiwa mchanga huwezi kumtambua, tukasahau. Basi niambie wewe, ni nani aliyeitikia jina la mama mkwe wangu?

Tulimwita binti yetu Tapkigen, akanyonya, akanenepa. Hulala macho wazi. Alipokuwa na miaka minne alijikata kwa panga, ncha ya kidole ikaanguka kabisa. Mimi mwenyewe niliizika. Mvua za masika zilipokwisha kidole kilikuwa kimerudi, na kucha yake. Nilimwambia mume wangu ni jeraha limepona vizuri, naye akakubali upesi, kwa sababu anaogopa kama mimi.

Kwa hiyo nakuonya: usitaje jina la marehemu kwa mzaha mbele ya kitu chenye mdomo. Ataitika mtu, na utamkaribisha kabla hujajua ni nani. Binti yangu sasa ni mkubwa, lakini nikipika huja akachuchumaa karibu nami, akafungua mdomo, akangoja. Nami humlisha.