Kwenda Butiama na Gari Linalomisi

Mama yangu alipopona mguu alitangaza kwamba Jumamosi atapika chakula cha shukrani nyumbani Butiama, saa nane mchana, na wote waliomwombea waje. Nikamuuliza kwenye simu kama na shangazi Nyangeta amealikwa. Nikamsikia anamenya ndizi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akasema, "Njia anaijua."

Kwa mama yangu hiyo ni kadi ya mwaliko yenye maua na utepe. Nikaona lazima niende kumchukua shangazi kabla mama hajabadili mawazo.

Shangazi Nyangeta ni dada wa marehemu baba. Yeye na mama walikuwa na mashine ya kusaga ya ubia pale Butiama, wanasaga mahindi, muhogo na habari za watu. Miaka mitatu iliyopita mashine ikaanza kuruka. Mama akasema mbao za chini, zile ilizofungiwa juu yake, zimeoza. Mbao hizo alizinunua shangazi. Shangazi akasema mbao hazina neno, ila kuna mtu hajui kufunga mkanda. Mkanda alikuwa anaufunga mama. Mashine ikaendelea kuruka huku wenyewe wanabishana, mpaka siku moja ikapasuka, na shangazi akafunga mizigo akahamia kwa mwanawe, mtaa wa Nyasura, Bunda mjini. Tangu hapo wakikutana msibani wanasalimiana kwa kupitia mimi. "Mwambie shangazi yako nimemwona." "Mwambie mama yako asante."

Sasa shangazi hapandi basi. Basi humtapisha kabla halijawashwa. Alikubali kuja kwa gari langu tu, kiti cha mbele, tena kwa sharti. "Likinirusha mara tatu, unanirudisha Nyasura. Na habari ya Butiama usinitajie tena mpaka mnizike."

Nikaapa kwamba gari langu linateleza kama sato aliyepakwa mafuta. Ukweli ni kwamba lilikuwa na wiki mbili linarusha watu.

Alhamisi, Nyakato, mjini Musoma. Gari lenyewe ni la gia za mkono, la zamani kiasi kwamba likiwa binadamu lingekuwa na wajukuu. Rangi yake ilikuwa nyeupe. Siku hizi ni chai ya maziwa. Nililipeleka kwa fundi Shabani, ambaye sifa zake zinafika mpaka visiwani. Sasa mimi, kama mnavyojua, ni mhitimu wa masomo ya jioni. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na watoto wawili, katika darasa ambalo nusu tulikuwa tunasinzia na nusu tunakoroma, na fizikia nilipata D, lakini D iliyonyooka. Mtu wa elimu hiyo haendi kwa fundi kuelezaeleza kama mshamba. Nikashuka nikamwambia, "Fundi, inamisi."

Ni neno zuri. Mjini kila mwenye gari analo. Maana yake plagi moja haichomi vizuri, injini inaruka pigo. Shabani alinisikia akaenda moja kwa moja kwenye plagi, akaweka mpya zote nne. Akapiga resi gari likiwa limesimama, injini ikaimba kama kwaya ya Pasaka. Nikaondoka. Kufika kona ya kwanza, nikarushwa. Nikarudi nikamwambia bado inamisi. Akabadilisha waya za plagi. Nikarudi tena, bado inamisi. Akabadilisha chujio la mafuta. Kila mara akipiga resi pale pale, linaimba; kila mara nikiingia barabarani, linaniinamisha kama mtu anayesujudu kwa haraka.

Jumamosi saa moja asubuhi, Mwisenge. Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama natoka. Aliniambia kwamba gari linatembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni, na kama nina akili nikodi la watu. Nilimjibu kwamba ugonjwa unajulikana na dawa imeshaanza kufanya kazi. Nikaweka gia ya kwanza, nikakanyaga mafuta, na kofia yangu ikahamia kiti cha nyuma.

Saa moja na nusu, nimepita Makutano, naelekea Bunda. Kwenye tambarare, nikiwa gia ya nne na mguu umetulia, gari lilikuwa tamu, ungeweza kunyolewa ndevu humo ndani. Shida ilikuja kila nilipotaka kuongeza mwendo. Nikikanyaga, mbele, kisha nyuma, kisha mbele, na chini ya miguu kitu kinagonga gudu, gudu. Karibu na Kiabakari nilijaribu kulipita lori la mchanga. Bodaboda aliyebeba magunia mawili ya mkaa na mama mmoja juu ya magunia alinipita mimi na lori kwa pamoja, na yule mama akanipungia mkono wa pole.

Saa tatu, Nyasura. Shangazi alikuwa ameketi barazani tangu alfajiri, amevaa kitenge kipya, na mapajani amepakata kibuyu cha maziwa mgando. Nikajua kibuyu kile anampelekea mama. Shangazi haendi kwa mtu mikono mitupu, lakini pia hasemi samahani kwa mdomo. Anaibeba kwenye kibuyu. Nilimfungulia mlango, akaingia, akakishika kibuyu kama mtoto wa kubatizwa.

Nikaachia klachi taratibu kama navua kiatu mbele ya mgonjwa. Kutoka getini, gari likatutupa mbele.

"Moja," akasema shangazi.

Nikamweleza kwamba ni jiwe. Akatazama barabara, haikuwa na jiwe. Tukafika karibu na soko, mtu wa mkokoteni akanipisha, nikakanyaga kumpita. Mbele, nyuma, mbele. Ndani ya kibuyu maziwa yakasema kwachu.

"Mbili. Na tuko Bunda bado, baba."

Kutoka pale hadi Butiama kuna safari nzima, na mimi nimebakiza mrusho mmoja. Nikakata kona nikaingia gereji ya kwanza niliyoiona, ya fundi mmoja anaitwa Masatu, mtu mzima mwenye ovaroli iliyosimama yenyewe kwa grisi. Nikamwambia, "Fundi, inamisi." Akaitikia kwa kichwa na akaenda moja kwa moja kwenye plagi. Akazichomoa plagi zangu za Alhamisi, akazipuliza, akazirudisha. Akapiga resi. Ikaimba.

Shangazi alikuwa ameshuka, amesimama pembeni na kibuyu chake. Akaniita. "Misi ndiyo nini?"

Hapo ndipo elimu ya jioni ilipochanua. Nilimweleza mchanganyiko wa hewa na mafuta, cheche, mgandamizo, na nadhani nilifika mpaka kwenye mvutano wa dunia. Fundi Masatu aliacha kazi kunisikiliza. Shangazi alisubiri nimalize.

"Sikukuuliza kitabu. Nimekuuliza inafanyaje."

Nikasema inamisi.

"Hilo ni jina. Mimi nauliza inachofanya. Ikisimama, inaruka?"

Nikasema ikisimama imetulia kabisa.

"Ukienda bila kuongeza?"

Imetulia.

"Inaruka ukimwaga mahindi tu?"

Tukatazamana, mimi na fundi. Hakuna aliyezungumzia mahindi. Shangazi naye akasikia alichosema, akakohoa, akasema, "Ukiipa kazi. Inaruka ukiipa kazi?"

Ndiyo, nikasema, nikikanyaga tu, zaidi gia ya kwanza na ya pili, na kuna kitu kinagonga gudu chini. Fundi Masatu aliweka spana chini. Akaniuliza, kwa upole unaoumiza kuliko tusi, kwa nini hilo la gudu sikulisema. Nikamwambia nilidhani ni sehemu ya kumisi.

Shangazi akaomba boneti ibaki wazi. Fundi akaniweka kwenye usukani: breki ya mkono juu kabisa, mguu wa breki nao umekanyaga, gia ya kwanza, niachie klachi kidogo tu mpaka gari litake kwenda, kisha niirudishe. Akawaondoa watu wote mbele ya gari, akasimama ubavuni pamoja na shangazi. Nikaachia klachi. Mimi sikuona, nilisikia tu gudu, na gereji nzima ikasema "eh".

"Inaamka kama ng'ombe," akasema shangazi.

Nikashuka, fundi akachukua zamu kwenye usukani, nikatazama. Injini yangu, niliyoiamini miaka yote, ilinyanyuka upande mmoja, ikainama, ikaanguka chini. Mpira unaoishikilia kwenye fremu, ambao mafundi wanauita mauntingi, ulikuwa umechanika vipande viwili na kuoza kama embe la wiki iliyopita. Waya wa mafuta, unaotoka kwenye kanyagio hadi kwenye kabureta, ulikuwa ukivutika kila injini inapoinama. Fundi alinieleza kwa mikono yake miwili. Nikikanyaga, injini inainama, ikiinama inavuta waya, inajiongezea mafuta, inarushwa, ikirudi chini waya unalegea, mafuta yanapungua, inashtuka, inaanza upya. Kwa wiki mbili injini yangu ilikuwa inajikanyagia mafuta yenyewe, mimi niko pale kama abiria.

Plagi hazikuwa na kosa. Zile za mwanzo, ambazo mke wangu amezitupa, hazikuwa na kosa.

Saa tano, gereji. Mpira mpya haukupatikana Bunda nzima. Fundi Masatu alikata kipande cha tairi kuukuu la lori, akakitoboa, akakifunga kwa boliti mahali pa ule uliooza, akakaza na waya mnene, akaniambia kitanifikisha Butiama na kunirudisha Musoma, ila nisijifanye niko mashindanoni, na nikifika niweke mpira halisi. Shangazi alikuwa ameokota kile kipande kilichooza. Akakifinya kati ya vidole, kikabomoka. Akakifunga kwenye leso yake, akakiweka kwenye mkoba.



Saa sita na robo, barabarani. Gari lilikuwa limepona. Nikikanyaga linakwenda, basi, kama magari ya watu. Nikatamani lile lori la mchanga lijitokeze. Lakini tulipokaribia Kiabakari mbuzi watatu waliamua kuvuka kwa awamu, nikafunga breki, na kwa wenge la kuondoka tena nikaachia klachi kwa kishindo. Gari likaruka. Kibuyu kikasema kwachu.

Ilikuwa ya tatu. Nilishika usukani nikitazama mbele.  Nikaanza kutafuta mahali pa kugeuzia, maana kiapo ni kiapo, na shangazi yangu si mtu wa kusahau hesabu.

"Hiyo siyo gari," akasema shangazi. "Hiyo ni wewe. Haihesabiwi. Endesha."

Saa saba na dakika arobaini, Butiama. Mama alikuwa uani kwenye masufuria, amesimama kwa mguu wake mpya kama anautangaza. Aliliona gari, akaona nani anashuka, akaendelea kukoroga. Waombezi walikuwa wameshajaa, wakageuza shingo wote kwa pamoja. Mimi nikajiandaa kwa kazi yangu ya kupeleka salamu. Nikamwambia mama, shangazi amefika. Mama akasema, "Mwambie shangazi yako..."

Shangazi akanipita. Akafungua mkoba, akatoa leso, akaifungua juu ya meza kati ya sahani. Ule mpira ulikuwa vumbi na vipande.

"Wifi," akasema. "Injini nzima ya gari, kilichoishikilia kilioza hivi. Plagi wamebadilisha, waya wamebadilisha, chujio wamebadilisha. Ilikuwa hii."

Mama akatazama. Akagusa kwa kidole.

"Hukuwaga unasikia," akasema mama.

"Zilikuwa mbao," akasema shangazi. "Mkanda ulikuwa unaufunga vizuri."

Mama aliweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye kanga, akachukua kile kibuyu. Nadhani alitafuta namna ya kujibu bila kulia mbele ya wageni, kwa hiyo akakitikisa. Hakikusema kwachu. Akafungua, akachungulia. Maziwa ya shangazi yalikuwa yamesukwa, na juu lilielea bonge la siagi kubwa kama ngumi ya mtoto.

"Hii nani kaisuka?"

"Mwanao," akasema shangazi. "Kaanza getini."

Wakacheka mpaka mama akashika ule mguu. Chakula kililiwa saa tisa badala ya saa nane, na ugali wangu ulipakwa siagi mara mbili zaidi ya ule wa mtu mwingine yeyote. Shangazi hakurudi nami. Alisema atalala siku mbili, atazame ile mashine.

Saa kumi na mbili jioni, Musoma. Nilirudi peke yangu kwa njia ya Makutano. Jumatatu fundi Shabani alipoweka mpira halisi, alinilaumu kwamba nilimletea jina, na yeye alilitibu jina. Alisema kweli. Nilichojifunza katika safari ile ni kidogo lakini nakishika: ukienda kwa anayejua, mpelekee unachoona na unachosikia, hata gudu, na jina mwachie yeye. D yangu ya fizikia bado ninayo, ila siku hizi naanza na gudu.

Wiki iliyofuata simu ya mama iliingia alfajiri. Nikasikia sauti mbili: zile siku mbili za shangazi zilikuwa hazijaisha. Mama anasema mashine ifungwe juu ya mbao za mninga, shangazi anasema zege, mama anasema zege litapasuka, shangazi anasema mama hajui zege, na wote wawili wananiita niamue. Walikuwa wanagombana vilevile kama zamani, lakini kwa simu moja.